Je, Atoaye Bure Aweza Kudaiwa na Asiyeona?

Liko swali ambalo watu hulijibu upesi mno: je, mtu atoaye kitu bure aweza kudaiwa na yule ambaye kitu hicho hakimfikii? Wengi husema, La, maana asiyetoza hata senti hana deni kwa mtu. Sisi twaona kwamba neno hilo halijaisha hapo, nasi twataka kulipima kwa habari ya ndugu zetu wasioona, na vyombo vya kompyuta ambavyo siku hizi vimeingia hata katika ofisi za sharika.

Hapa Songea, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, shule au usharika ukipata kompyuta, mara nyingi ni kuukuu, iliyokwisha kutumika kwingine. Chombo cha namna hiyo hufufuka kikiwekewa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, nao huenda pamoja na kazi ya GNU aliyoitangaza Richard Stallman mwaka 1983. Mfumo huo ni huria: kila mtu ana ruhusa kuutumia, kuuchunguza, kuubadili, na kumgawia mwenziwe. Iko pia programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, nayo hutolewa bure. Lakini hiyo hufanya kazi katika Windows tu. Mwenye Linux hutegemea nyingine, jina lake Orca.

Yafaa tueleze kidogo jinsi itendavyo kazi, maana hapo ndipo swali letu lilipo. Asiyeona hatumii kipanya. Hutumia vibonye na masikio yake. Kivinjari, kama Firefox, hutayarisha orodha ya vitu vyote vilivyomo katika ukurasa: hiki ni kichwa cha habari, hiki ni kiungo, hiki ni kitufe, na jina lake ni hili. Orca huiomba orodha hiyo, kisha huyapeleka maneno kwa programu nyingine itamkayo, kama eSpeak NG, ambayo yajua hata Kiswahili (sauti yake, tukiri, ni kavu kama debe tupu). Basi kivinjari kisipotoa orodha, au mwenye ukurasa asipokipa kitufe jina, msikilizaji husikia neno "kitufe" tu, asijue kama ni cha kutuma barua au cha kuifuta. Na picha isiyo na maelezo ni kimya kitupu kwake. Wala kasoro hizo si haba: mwaka 2024 shirika la WebAIM lilipima kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1, likakuta kasoro katika zaidi ya 95 kwa mia.

Orca ilikuzwa na watu walioajiriwa na kampuni ya Sun. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, na wale waliolipwa kwa kazi hiyo wakapungua sana. Ndipo Joanmarie Diggs akashika uongozi wa kazi hiyo. Fikirini, ndugu: maelfu ya kurasa mpya kila siku, vivinjari vyabadilika, hata namna ya kuchora vitu juu ya kioo imebadilishwa, na yaliyokuwa yakifanya kazi jana yapaswa kutengenezwa upya, na mzigo huo umekaa mabegani mwa watu wachache mno. Mwaka 2023 mfuko mmoja wa Ujerumani, Sovereign Tech Fund, uliwapa watu wa GNOME euro 1,000,000, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa kwa ajili ya wasioona na wenye ulemavu mwingine. Ni fedha nyingi, lakini zilikuja baada ya miaka mingi.

Sasa turudi kwa msemaji wetu. Yeye asema: mtengenezaji huyu ametoa usiku wake na nguvu zake pasipo mshahara, kumlaumu ni kukosa shukrani. Tena asema: ruhusa ya kubadili imetolewa kwa wote, basi asiyeridhika na abadili mwenyewe. Neno la kwanza lina nguvu, nasi hatulidharau. La pili ni dhaifu. Ruhusa ya kukifungua chombo na kukitengeneza yamfaa mtu aliyekwisha kuingia ndani. Asiyesikia kioo kinasema nini hawezi kuanza hata kuitafuta kasoro. Kumwambia ajitengenezee ni kama kumpa mtu ufunguo ulio ndani ya nyumba iliyofungwa.

Mtu akichimba kisima shambani mwake kwa haja yake, hakuna atakayemwuliza juu ya ngazi zake. Lakini akisimamisha kibao njiani kwamba maji haya ni ya watu wote, kibao hicho kimemfunga. Hakulazimishwa kutoa, amejilazimisha kwa neno lake mwenyewe.

Twakumbuka pia karamu anayoisimulia Bwana katika Luka 14. Mwenye nyumba hakumtuma mtumwa apige mbiu tu kwamba mlango u wazi. Alimtuma awalete ndani maskini, viwete na vipofu. Mwaliko pasipo mkono wa kumwongoza kipofu ungekuwa mwaliko kwa wenye macho. Martin Luther naye alilijua jambo hili kwa njia yake. Agano Jipya la Kijerumani lilitoka mwaka 1522. Na mwaka 1524 aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wajenge shule, kwa maana kitabu mkononi mwa asiyejua kusoma hakijafika bado.

Lakini deni hili ni la nani? Hapa twatofautiana na wale wanaowatwika watengenezaji peke yao. Agizo la Bwana katika Mathayo 10, juu ya kutoa bure, liliwaangukia watu waliokwisha kupokea bure. Na waliopokea ni sisi. Twaitumia mifumo hii pasipo kulipa, kisha twaongeza vizuizi juu yake kwa mikono yetu. Kanisa letu lina shule ya wasioona kule Irente, karibu na Lushoto, nasi twajivunia kazi hiyo. Lakini tangazo la ibada twalipiga picha na kulituma, na ratiba ya kwaya vivyo hivyo, hata mzee asiyeona hawezi kujua kwamba saa imebadilishwa.

Ndugu wainjilisti wenye kompyuta ya Linux ofisini, ikiwa ina GNOME, bonyezeni kwa pamoja Alt, Super (kile chenye alama ya dirisha katika kompyuta nyingi) na S. Orca itaanza kusema. Fumbeni macho, mkajaribu kulitafuta tangazo la Jumapili ijayo. Mkilikosa, liandikeni upya kwa herufi kabla ya kulituma, na chini ya kila picha wekeni maneno mawili matatu ya kuieleza. Tena mtakapokuta kasoro katika kivinjari chenyewe, waandikieni wakitengenezao, kwa adabu, mkiwashukuru kwanza.