Mara Yako na Mara Yangu

Mwalimu wa hisabati akisema "tatu mara nne" darasani katika kijiji cha Kewanja, Nyamongo, hakuna mtoto anayewaza mto. Lakini mto hauko mbali, nao unaitwa Mara. Mkoa nao ni Mara. Mgodi wa dhahabu unaopakana na kijiji, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, unaitwa North Mara. Mtoto wa Nyamongo hutamka silabi hizo mbili kutwa nzima, pengine bila kuulizwa hata siku moja zina maana gani.

Tuanze na ile ya hisabati. Mara ya Kiswahili imetoka katika Kiarabu, marra, yaani tukio moja, na kiini chake ni kupita. Ndiyo maana twahesabia kwayo: mara ya kwanza, mara mbili, mara kwa mara. Ndiyo maana pia msimulizi husema "mara simba akatokea": jambo limetupitia mbele kabla hatujajiandaa.

Mto haukupata jina lake huko. Kwa Wamaasai, ambao mto unapita nchini mwao kabla ya kuingia Tanzania, neno hilo ni la kitu chenye madoa. Itazame nchi hiyo kutoka juu ya kilima, ilivyotapakaa vichaka na vivuli vya mawingu, utawaelewa. Upande wa Rorya, mkoani humo humo, Mluo akisema mara anasema "yangu". Na katika Biblia, Naomi aliyefiwa na mume na wanawe wawili alirudi Bethlehemu akitaka aitwe Mara, kwa sababu kwa Kiebrania ni uchungu. Jina hilohilo yalipewa maji ya jangwani ambayo Waisraeli walishindwa kuyanywa.

Wapo watakaotamani maneno haya yote yawe ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Mluo ameunda lake kwa mar, kihusishi cha umiliki, akaongeza alama ya "mimi". Halina uhusiano na madoa ya Mmaasai wala machozi ya Naomi. Yamekutana kwa sauti tu. Hata hivyo, wanaoishi mahali yalipokutania hawawezi kuchagua maana moja na kuziacha nyingine.

Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi yakaingia Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mara. Siku hizo maana ya Kiebrania ilifika Nyamongo bila mkalimani. Na ile ya Kijaluo haijawahi kuondoka: mwekezaji, serikali, mwenye shamba, mchimbaji mdogo na mfugaji, kila mmoja kwa lugha yake husema "yangu".

Nani kati yao ana haki ya kusema hivyo? Mto Mara unaanzia msitu wa Mau, Kenya, ukasafiri kilomita zipatazo 395, ukapita Maasai Mara na Serengeti, kisha mabwawa ya Masurura, hadi Ziwa Victoria. Mtu wa Kewanja hutumia maji yaliyokwisha kuwapitia wengine, na yatakayowafikia wengine. Hapo ndipo Kiswahili kinapomrekebisha kila msema "yangu": ni yako, lakini kwa mara yako. Anayemiliki ameshika zamu.

Dhahabu hutoka ardhini mara moja tu. Maji huja mara kwa mara, mradi aliye juu asiyaharibu. Kijiji kinachojua tofauti hiyo kinajua kipi cha kuuza na kipi cha kulinda, hata bei ipande namna gani.

Mzazi na mwalimu wa Kewanja, mtoto akiuliza Mara ni nini, mpe maana zote: madoa, uchungu, yangu, kupita. Kisha mpeleke Tigithe, mwonyeshe maji yanakoelekea. Mbele ya Tigithe kuna Mara, mbele ya Mara kuna ziwa, na ukingoni mwa ziwa kuna mtoto mwingine anayechota.