Bibi Alipoanguka Akijiandaa kwa Misa



Vijana wenzangu, Yohane sura ya 21 tunaipenda kwa yale maswali matatu ya upendo aliyoulizwa Petro. Aya ya 18 huwa tunaipita haraka. Yesu anamkumbusha Petro kwamba ujanani alijivika mwenyewe na kwenda alikotaka, ila uzeeni atanyoosha mikono na mtu mwingine ndiye atakayemvika. Mwinjili anaeleza kwamba hapo Bwana aligusia kifo cha Petro. Sawa. Lakini mfano wenyewe ni kuvaa nguo.

Kiukweli, aya hiyo ilinigusa Jumapili moja asubuhi. Bibi alikuwa chumbani akijiandaa kwa Misa ya kwanza, mimi niko sebuleni na simu. Nikasikia kishindo. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akivaa gagulo, akakosa mwega. Namshukuru Mungu nyonga ilisalimika, akateguka mkono tu. Kilichoniuma ni jibu lake: "Mjukuu wangu, sikutaka kukusumbua, ulikuwa na kazi." Kazi yenyewe ilikuwa kuchati.

Mwili husimama kwa msaada wa macho, sikio la ndani, misuli na hisia za nyayo. Uzeeni vyote hivyo hupungua. Sasa gauni likipita kichwani macho yanafunikwa. Ukivaa sketi mguu mmoja uko hewani. Akiinuka kitandani ghafla, presha inaweza kushuka, kizunguzungu kikaja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao wamevuka miaka 60.

Kwetu sasa kuna kiti kizito kando ya kitanda, siyo stuli ya plastiki. Akiamka anakaa kwanza. Gagulo na soksi anavaa amekaa, na ule mkono ulioteguka ndio unaotangulia kuingia kwenye blauzi. Taa inawashwa. Khanga haiburuzi. Ndala zilizolegea nilizitupa, na hilo hajanisamehe!

Kazi ngumu ilikuwa aibu yake. Siku za kwanza nilimvisha harakaharaka, namvuta kama mtoto, akanuna mpaka kanisani. Yoshua bin Sira 3:12-13 anataka tumsaidie mzazi uzeeni bila kumdharau, sisi tukiwa bado na nguvu zetu. Mimi nilikuwa nasaidia na kudharau kwa pamoja. Siku hizi nabisha hodi, nampa shikamoo, namuuliza, "Bibi, nikusaidie wapi?" Mara nyingi ni zipu ya mgongoni tu kwenye sare yake ya WAWATA. Yaliyobaki anafanya mwenyewe, polepole, nami nimesimama karibu. Inabidi niamke mapema, na usingizi wa Jumapili mnaujua.

Jumapili ya nne ya Julai ni Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, aliyoianzisha Papa Fransisko mwaka 2021. Wengi tutaposti picha nao. Kabla ya picha, mwombe ruhusa uingie chumbani mwake, uone anapovalia nguo pana nini cha kushikilia.

Tuombe: Ee Yesu, uliyejifunga kitambaa ukawaosha wafuasi wako miguu, utupe subira ya kufunga vifungo vya wazee wetu. Amina.