Je, Kuficha Njia ni Kusema Uongo?

Mara nyingi sasa nimeulizwa neno hili na Wakristo wa mjini Mwanza na wa vijiji vya kando ya Ziwa, tena na walimu wa Injili wenyewe: Je, ni halali mtu kupitisha mambo ya simu yake katika njia ile ya siri iitwayo VPN? Swali lilianza kuulizwa kwa nguvu mwezi wa Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipowaagiza watu na makampuni watumiao njia hiyo wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule. Wengine husema, "Mwenye kujificha ana neno baya." Wengine hujibu, "Simu ni yangu, mambo ni yangu, mtu asiniulize." Mimi naona wote wamejibu upesi mno, maana hawajatazama kwanza kitu chenyewe.

Kitu chenyewe ni hiki. Tuseme mtu wa Kirumba ataka kumwandikia daktari aliyeko Bukoba, wala hapendi karani wa posta ajue ya kuwa anaandikiana na daktari. Basi aitia barua katika bahasha yenye jina la daktari, aifunga. Kisha bahasha hiyo aitia ndani ya bahasha ya pili, iliyoandikwa jina la mfanya biashara mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe. Karani wa Mwanza aona jina la Nansio tu. Yule mfanya biashara aifungua bahasha ya nje, aipeleka ile ya ndani Bukoba; naye daktari aipatapo aona imetoka Nansio. Ndivyo ifanyavyo kazi VPN, na yule wa Nansio ndiye wakala.

Pasipo wakala mambo huwaje? Siku hizi barua nyingi za intaneti zimepigwa lakiri, hata kampuni ya simu haiwezi kuyasoma yaliyomo. Lakini yaona jina la nyumba barua iendako, na saa yake, na uzito wake. Mtu afunguaye kurasa za hospitali fulani usiku wa manane, mara tatu kwa juma, amekwisha kujulikana habari zake, ijapokuwa halikusomwa hata neno moja. Akitumia VPN, kampuni yamwona wakala tu. Walakini angalia: yote aliyoyajua karani wa Mwanza sasa ayajua yule wa Nansio. Neno hili watu hawalifikiri, nami nitalirudia.

Wale wasemao ya kwamba kujificha ni ubaya, kosa lao ni kuchanganya kunyamaza na kudanganya. Mwongo humpa mwenzake neno lisilo kweli, hali mwenzake ana haki ya kupewa kweli. Anyamazaye hakumpa mtu neno lo lote. Mwanamke wa Igoma atafutaye habari za ugonjwa wake hana deni la kumweleza karani wa kampuni ya simu, wala mwenye mkahawa ambaye ametumia mtandao wake. Twatundika pazia mlangoni, na mpita njia hasemi, "Mwenye nyumba hii ni mwongo." Sisi wachungaji twasikia maungamo ya watu na kwenda nayo kaburini, wala hapana aliyetuita wadanganyifu kwa hayo. Hata Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 16, yampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake ya binafsi; na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka tume ya kulisimamia jambo hili. Basi dola yenyewe imekiri ya kuwa pazia ni halali.

Lakini pazia si kanzu ya mtu mwingine. VPN yaweza kumwonyesha mtu kana kwamba yuko Nairobi au London, hali ameketi Nyegezi. Kijana achaguaye nchi nyingine ili alipe bei waliyowekewa watu wa huko, huyo hakunyamaza. Amesema, "Mimi ni mtu wa huko," na kwa neno hilo amepata mali. Kuna watu wazuri, wasioweza kuiba hata kikombe, nao hufanya hivi kila mwezi bila kufikiri. Sioni namna ya kuwatetea.

Ng'ambo ya Ziwa, nchini Uganda, swali hili lilijaribiwa kwa taifa zima. Tangu tarehe 1 Julai 2018 serikali ya huko ilimtoza kila atumiaye Facebook, WhatsApp na mitandao ya namna hiyo shilingi 200 za Uganda kwa siku. Watu wengi wakakimbilia VPN, ili kampuni ya simu isione ya kuwa wameingia huko. Kodi ile ilikuwa nzito kwa maskini, wala siisifu. Mwaka 2021 iliondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya data. Lakini aliyejificha asilipe kodi hakujificha kwa sababu moja na yule mwanamke wa Igoma. Njia ni ile ile, programu ni ile ile. Neno lililotafutwa ni jingine. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama VPN ni dhambi, siwezi kumjibu kabla sijamwuliza, "Wamficha nani, na huyo ana haki gani ya kujua?"

Sasa nirudi kwa yule wa Nansio. Huyu wakala ni nani? Nimewauliza vijana wengi wenye programu hizi simuni mwao, wala sikupata hata mmoja aliyejua jina la mwenye nayo, wala nchi akaayo, wala jinsi apatavyo chakula chake. Wajua neno moja tu, kwamba ni ya bure. Mtu akija kijijini na gari, akasema atabeba mizigo yetu yote bure mwaka mzima, wazee wangemwuliza mafuta anunua kwa fedha gani.

Majibu yamekwisha kuonekana. Mwaka 2013 kampuni ya Facebook ilinunua kampuni moja ya Israeli iitwayo Onavo. Programu yake iliwaambia watu ya kwamba italinda mambo yao. Kumbe habari za programu walizozifungua, na muda waliokaa humo, zilikwenda Facebook zikatumika kwa biashara yake. Mwaka 2018 iliondolewa katika duka la Apple, mwaka 2019 ikafungwa, na Julai 2023 mahakama ya Australia ikayatoza makampuni mawili ya Facebook jumla ya dola milioni 20 za nchi ile, kwa sababu watu hawakuambiwa kweli. Mwaka 2015 tena ilijulikana habari ya Hola. Mtu aliyeitumia bure, mashine yake ilifanywa kuwa njia ya wageni, na kampuni ikaiuza njia hiyo kwa wengine. Mgeni akifanya uovu, alama zaonyesha umetoka nyumbani mwako. Basi ulitundika pazia, na aliyekushonea akawakodisha watu mlango wako wa nyuma.

Wako pia watunza siri wa namna nyingine. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa Dar es Salaam akashitakiwa kuwazuia polisi katika upelelezi, kwa kuwa hakuwatoa watu walioandika katika mtandao wake. Kesi zake ziliendelea hata mwaka 2020. Mtu aweza kumhukumu apendavyo. Lakini yeye alilipa kwa mwili wake, na Onavo ililipwa.

Yabaki neno la sheria, nami sitalizunguka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilikataza kutumia chombo cho chote kimwezeshacho mtu kuyafikia yaliyokatazwa. Na adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au yote mawili. Mabenki na makampuni hutumia njia hizi kila siku kwa kazi njema. Mimi naona katazo hili limemfunga mwizi na mgonjwa kwa kamba moja. Na agizo la mwaka 2023, la kumwandikisha mtu pazia lake, lilikuwa gumu kueleweka. Raia aweza kuyasema haya mbele ya wenye mamlaka, na mahakamani pia. Lakini amshauriye mwenzake kutumia VPN na amwambie na gharama yake. Vijana wa maduka ya simu huziweka programu hizi kwa fedha kidogo, nao hawaitaji sheria hata kidogo. Mtandao wa X ulipofungwa mwezi wa Mei 2025 walipata wateja wengi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti yote ilipokatwa kwa siku kadhaa, wateja walirudi kuwalaumu. Hawakuwa wameelezwa ya kuwa njia ya siri nayo yapita juu ya barabara ile ile ya kampuni. Mtumbwi hauendi pasipo maji.

Tena kuna jambo ambalo VPN haina dawa yake, nalo ndilo nilionalo zaidi katika kazi yangu. Wengi wenye kutazamwa hawatazamwi na kampuni wala na serikali. Mume aichukua simu ya mke wake iliyo mezani, asoma. Mama mkwe asoma. Kaka mkubwa amlazimisha mdogo wake ataje namba ya siri. Barua iliyopita Nansio kwa ustadi wote yasomwa kwenye kioo, imekwisha kufunguliwa. Mashauri yaletwayo kwangu juu ya siri za simu karibu yote ni ya namna hii, na kila mara aliyesoma huja akidai kwamba yeye ndiye aliyekosewa.