Nyota Zisizoonekana kwa Macho

Somo: 1 Samweli 16:7



Samweli alitumwa kumtia mafuta mwana mmoja wa Yese. Alipomwona Eliabu, mrefu na mzuri wa sura, alidhani ndiye. Mungu akamkataza. Daudi alikuwa bado malishoni, wala hakuitwa.

Basi sikilizeni mfano. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ilirushwa toka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilichukua chombo cha kuchunguza mbingu, nacho kikaitwa Uhuru. Ndani yake mlikuwa na vihesabio viwili vyenye gesi, vimepeana migongo, vya kupokea mionzi ya eksirei, jinsi ile itumikayo hospitalini. Mionzi hiyo yatoka katika nyota kadha wa kadha, lakini hewa ya dunia yaizuia isitufikie. Ndiyo maana chombo kilipandishwa juu ya hewa. Huko kilijigeuza polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, kikapitia mbingu zote mpaka Machi 1973. Wataalamu wakaandika orodha ya vyanzo 339.

Tena, mojawapo ya ving'aavyo sana kwa mionzi hiyo kimo katika kundi la Nge. Lakini ukisimama usiku kando ya ziwa Babati, mbingu zikiwa wazi, hutakiona. Nacho hakikuanza kuwaka mwaka 1962, kilipovumbuliwa. Kilikuwa kikiwaka tangu zamani. Upungufu ulikuwa machoni petu.

Je, si ndivyo tufanyavyo katika sharika zetu? Mwenye ng'ombe wengi twampa kiti cha mbele. Mjane achelewaye ibada kwa kumwuguza mtoto twamhesabu kuwa mlegevu. Nani ajuaye sala zake za usiku? Mungu azijua.

Wala msidhani ya kuwa kipo chombo cha kuupima moyo wa mtu. Hakuna. Kwa hiyo kazi yetu si kuhukumu toka mbali, ila kwenda karibu. Mwalimu, kabla hujaliandika jina la mtu miongoni mwa walioanguka, nenda nyumbani kwake, keti, umsikilize. Maana sisi nasi hatukuitwa kwa sababu ya mng'ao wetu, bali kwa neema tu. Amina.