Tunawataka Wabaki wa Kale

Hebu fikiria picha ya mzee wa Kiaweer akiwa ameshika upinde imewekwa mtandaoni. Maoni ya chini unaweza kuyatabiri: "Duh, bado kuna watu wa enzi ya mawe Kenya hii!" Anayeandika hana ubaya. Pengine anasifu. Lakini kumwita mtu aliye hai "wa kale" si jambo dogo, na swali langu leo ni hili: tunamchukulia nini tukimwita hivyo?

Tuanze mbali, Greenland, ambako tunadhani hata wakati umeganda. Mwaka 2010 wanasayansi walisoma jeni za mwanamume aliyeishi huko miaka 4,000 hivi iliyopita, kutoka kwa nywele zake zilizohifadhiwa na baridi. Walitambua kuwa huenda alikuwa na macho ya kahawia na dalili za kupata upara. Lakini la kushangaza zaidi ni kwamba watu wake, waliotoka Siberia, hawakuwa mababu wa Wainuiti wa leo. Hao walifika karne nyingi baadaye, wakiwa na mashua za ngozi na ujuzi wa kuwinda nyangumi. Na mwaka 2015 utafiti mwingine ulionyesha kuwa miili ya Wainuiti wa Greenland imebadilika, kizazi baada ya kizazi, ikazoea chakula chenye mafuta mengi ya baharini. Kwa hivyo hata kwenye barafu watu walihama, wakabadilishana nafasi, wakabadilika mpaka kwenye jeni. Hakuna aliyebaki nyuma. Sote tumetembea miaka ileile.

Sasa njoo Ijara. Waaweer, ambao wengi tunawajua kwa jina walilobandikwa na wengine, Waboni, wanaishi pembezoni mwa msitu unaoanzia Garissa hadi Lamu. Lugha yao ni ya Kikushi, ndugu wa karibu wa Kisomali. Zamani pembe za ndovu na asali zilitoka kwao zikafika kwa wafanyabiashara wa pwani. Hawa si watu waliojificha dunia isiwaone. Dunia walifanya nayo biashara.

Mambo yaliyowapata pia ni ya juzi. Wakati wa vita vya Shifta, miaka ya 1960, walitolewa msituni wakawekwa katika vijiji kando ya barabara. Mwaka 1976 sehemu ya msitu ikawa Hifadhi ya Kitaifa ya Boni. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Mwaka 2015 ikaja operesheni ya usalama ya Linda Boni, na hata kwenda kutafuta asali kukawa na hatari. Kila hatua ilikuwa na sababu yake: ndovu walikuwa wanaisha, na raia walikuwa wanauawa. Sawa. Lakini gharama ililipwa na nani?

Halafu soma Katiba ya 2010, kifungu cha 260. Kati ya jamii zinazohesabiwa kuwa zimetengwa, imo jamii ya kiasili ambayo imedumisha maisha ya kitamaduni yanayotegemea uwindaji au ukusanyaji. Nia ni njema kabisa. Ila lile neno "imedumisha" linanikera. Mkono mmoja wa serikali ulimnyang'anya mtu upinde, na mkono wa pili unamwambia: nionyeshe upinde ndipo nikutambue.

Mtu atauliza, kama wamebadilika, si basi wawe Wakenya kama sisi, bila upendeleo? Swali hilo lina uzito, lakini hebu ligeuze. Wewe unaishi Roysambu, una simu mbili, kilimo unakijua kwa kukiona tu TikTok. Je, kuna aliyekwambia kwamba kwa sababu hiyo shamba la babu yako kule Nyeri au Siaya si lenu tena? Haki yenu haikutokana na kubaki mlivyokuwa. Ilitokana na kwamba mliishi pale. Wainuiti wa Canada walipata jimbo lao, Nunavut, mwaka 1999, huku wakiwinda kwa bunduki na kusafiri kwa pikipiki za theluji. Hakuna aliyewadai warudi kwenye chusa za mifupa kwanza.

Ndiyo maana lile neno "kale" linaniogopesha hata likitoka kwa shabiki. Mtu wa kale hupigwa picha, huhifadhiwa, husikitikiwa. Haulizwi anataka nini mwakani. Kijana wa Kiaweer anaweza kutaka kumfuata mlembe, yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali, na pia kutaka lami, zahanati na nafasi ya chuo kikuu. Tukimlazimisha achague kimoja, tumeshamwamulia kwamba kesho ni yetu sisi tu.