Miaka ya Waliohama

Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, mpangaji hukaa kadiri kazi ya maua inavyomweka. Mkataba ukiisha, godoro hufungwa kwa kamba nyuma ya bodaboda na chumba kikapata mpangaji mwingine. Sasa mwambie mtafiti awafuate watu hawa miaka sita.

Nakuru walijaribu. Mwaka 2007 na 2008 watafiti wa macho waliwapima watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, kisha 2013 na 2014 wakarudi kuwatafuta walewale. Idadi ya vipofu ungeipata kwa kupita mara moja tu. Wao walitaka kujua ni wangapi kati ya waliokuwa wakiona wamepoteza nuru. Waliopimwa tena walikuwa takriban nusu. Wengine walishafariki, wengine walihama, na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilikuwa zimewang'oa wengi makwao Bonde la Ufa.

Hesabu ya kiwango cha ugonjwa ni nyepesi: juu ya mstari wagonjwa wapya, chini yake muda ambao watu waliangaliwa wakiwa wazima. Chukua wapangaji watatu wa kufikirika. Wa kwanza anaangaliwa miaka 6, haugui. Wa pili anahama baada ya miaka 2. Wa tatu anapata mtoto wa jicho mwaka wa 4 ukiisha. Mgonjwa mmoja kwa miaka 12. Mfute aliyehama, inakuwa mmoja kwa 10. Jifanye alibaki mzima hadi mwisho, mmoja kwa 16.

Kinachonivutia ni ile miaka ya chini, ambayo hakuna kilichotokea. Mtu aliamka, akapanga waridi, akaona vizuri, akalala. Hakuna anayesimulia miaka kama hiyo, na bila hiyo ugonjwa hauna kipimo.

Ila hesabu hii inamwamini aliyehama: inachukulia kwamba kuondoka kwake hakuhusiani na macho yake. Hapo mimi nasita. Mama wa miaka 50 na kitu, nuru ikififia, mkono unachelewa mezani pa kuchambua maua, mkataba haurudiwi, anapanda matatu kwenda kwao. Miaka yake mizuri imebaki chini ya mstari. Upofu wake haukufika juu. Kadiri ugonjwa unavyowafukuza watu kazini, ndivyo kiwango chake kinavyoonekana kidogo. Kwa hiyo kabla sijauliza kiwango, ningemuuliza mtafiti kama alizungumza na majirani waliobaki kwenye ploti, na walimwambia mama yule aliondoka kwa nini.