Chumba Ambacho Hakukijenga

Mwezi uliopita, katika ukoo wetu, mtoto wa kike wa miaka kumi alichora bahari kwenye ukuta ulio pembeni mwa kitanda chake. Alitumia kalamu za rangi na buluu iliyobaki baada ya geti kupakwa. Alipokuwa shuleni, baba yake akamwita fundi, na ukuta ukapakwa krimu. Jioni mtoto akatakiwa aseme ahsante kwa kutengenezewa chumba. Nilipouliza kwa nini hakuambiwa kwanza, watu wazima waliokuwa sebuleni walinijibu kwa kauli moja: akijenga yake, atachora.

Kauli hiyo haijanipita kooni hadi leo.

Umiliki nauchukua kama wanavyouchukua wanasheria: kutumia kitu, kumzuia mwingine asikitumie, kukiuza, kukirithisha. Sina ugomvi na maana hiyo. Kwa kipimo hicho mtoto hamiliki chumba, wala hakuna aliyedai kwamba anakimiliki. Ninachouliza ni kingine: je, mtu asiyemiliki mahali anaweza kuwa na neno juu ya mahali hapo, neno ambalo mwenye mali analazimika kulisikiliza?

Zipo hoja za haki upande wa pili. Mpangaji ana mwenye nyumba atakayekagua kuta siku ya kuhama, rangi ni ghali, na watoto wengi wanalala watatu chumba kimoja, hivyo anachokipenda mmoja huwa kero kwa mwenzake. Nazikubali zote, na zote mtoto anaweza kuelezwa akaelewa.

Hii ya kujenga ndiyo haizungumziki, kwa kuwa kazi yake ni kuyafunga mazungumzo. Basi tuifuate tuone inakotupeleka. Inasema kwamba sauti juu ya nyumba hununuliwa kwa tofali na saruji. Haya. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwenye hati amepewa haki ya kukaa kwa muda uliotajwa, na muda huo hauzidi miaka 99. Baba huyu amejenga, amepanda michongoma, amechagua buluu ya geti, na udongo ulio chini ya msingi si wake. Hakuna afisa ardhi aliyemwambia angoje mpaka awe na nchi yake ndipo achague rangi. Anaishi juu ya mali isiyo yake kabisa, na bado anatarajia kuulizwa kabla ya mtu kuja kuigusa. Anatarajia sawasawa.

Tena hoja ya tofali tumekwisha kuisikia, ikisemwa kwa wake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Bi Hawa mwenyewe hakutoka na fungu, kwa sababu nyingine za shauri hilo, lakini kanuni ilibaki. Leo mwanamume akimwuliza mkewe mbele ya hakimu alinunua mifuko mingapi ya saruji, atasahihishwa. Akimwuliza binti yake, sebule nzima inamwitikia. Na binti huyo ndiye anayedeki chumba hicho, anayekunja chandarua, anayefuta vumbi la dirishani. John Locke alijenga hoja nzima ya mali juu ya jasho: mtu akichanganya kazi yake na kitu, kitu hicho huanza kuwa chake. Sitaki kwenda naye mbali, maana hoja yake ilikuja kutumiwa kuhalalisha kunyang'anywa ardhi kwa watu walioonekana hawailimi. Lakini anayelitukuza jasho la mjenzi asilidharau la anayedeki.

Ubovu mkubwa zaidi uko kwenye wakati. Anayetaka bahari ana miaka kumi. Anayeahidiwa ukuta ni mwanamke wa miaka 35, na huyo huenda akataka krimu. Deni la mtoto haliwezi kulipwa kwa mtu mzima atakayechukua nafasi yake. Na kwa mabinti wengi hiyo "yake" haifiki kamwe: hutoka nyumba ya baba kwenda nyumba ya mume, na huko nako hukuta kuta zina mwenyewe. Kaka zao walau hupata geto, wakabandika picha za Simba na Yanga mpaka darini.

Nikifikiria kuta siachi kufikiria magofu ya pwani, na hapo huwa sitoki upesi. Songo Mnara, Kilwa Kisiwani, Gede, Takwa: kwenye lipu ya chokaa kumekwaruzwa picha za vyombo vya baharini. Katika baadhi yake wataalamu wameutambua mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, chenye tanga la mkeka la pembe nne. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, Wareno nao walichora meli na watu ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, kabla Waomani hawajaitwaa ngome mwaka 1698. Ngome ilikuwa ya mfalme aliyeketi Ulaya; waliochora walikuwa watu wa zamu. Sidhani kama kuna aliyewapa ruhusa. Labda baadhi ya mikono ya Songo Mnara ilikuwa ya watoto, labda ya mabaharia waliokuwa wakingoja kusi. Michoro hiyo sasa inalindwa, na Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika Urithi wa Dunia tangu 1981.

Magofu hayathibitishi haki ya mtoto yeyote, nalijua hilo. Sheria inakaribia zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, unampa faragha na papo hapo unampa mzazi usimamizi wa kiasi. Kiasi gani? Akitaka chumba chote kiwe cheusi? Akichora jambo la kumdhalilisha mdogo wake anayelala kitanda cha pili? Nimeyageuza maswali haya huku na huku, na sioni kanuni moja inayoyajibu yote. Huenda kila nyumba italazimika kujadiliana upya, mwaka hadi mwaka, kadiri mtoto anavyokua.

Ninachowaomba wazazi ni kidogo. Kabla ya kuugusa ukuta wa mtoto, mwulizeni. Na kama jibu lenu ni hapana, mpeni sababu nyingine, isiyokuwa hiyo ya kujenga.